Kwenda Lamu kwa Madaraka Express: treni ni nzuri, kazi inaanzia Miritini

Anayetoka Nairobi kwenda Lamu ana njia mbili. Apande ndege, ashuke Manda, kisiwa jirani chenye uwanja wa ndege wa Lamu, baada ya saa moja na ushei. Au ashike Madaraka Express, treni ya reli ya kisasa (SGR), hadi Mombasa, aunganishe na basi hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kisha avuke kwa boti hadi kisiwani. Ya ndege haina maelezo mengi, nitaigusia mbele. Hii ya treni ndiyo inayoulizwa kila likizo ikikaribia, na majibu mengi yanayotolewa ni ya mtu aliyeishia Mombasa.

Treni yenyewe inastahili sifa. Inamaliza kilomita 472 kwa saa tano hadi sita, nauli inabebeka, na ikifika saa yake inang'oa. Lakini si huduma ya Lamu. Inakushusha Miritini, iliko stesheni ya Mombasa, na kutoka hapo hadi gati la Lamu kuna zaidi ya kilomita 300 za lami, na mkono wa bahari mwishoni. Treni, basi na boti kila moja ina wenyewe na saa zake, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Ukiyapanga maungio hayo vizuri, safari ni rahisi na inapendeza. Usipoyapanga, utajikuta umelipa karibu pesa za ndege na uchovu wa basi juu yake.

Tikiti na viti

Nauli ya Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Viwango hivi vilianza Januari 2024. Kabla ya hapo vilikuwa 1,000 na 3,000. Mtoto wa chini ya miaka 3 hupakatwa bure, na wa miaka 3 hadi 11 hulipiwa nusu. Kwa kawaida kuna treni tatu kwa siku. Ya saa mbili asubuhi husimama vituo vya njiani kama Emali, Mtito Andei na Voi, ikafika Miritini mwendo wa saa nane mchana. Ya saa tisa alasiri hufika kama saa mbili usiku, na ya saa nne usiku hufika kabla ya saa kumi alfajiri. Saa hizi hubadilishwa mara mojamoja, kwa hivyo zithibitishe siku unayokata.

Tikiti hukatwa kwa simu kupitia *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli, na malipo ni kwa M-Pesa. Weka pesa kwenye simu kabla hujaanza, maana kiti kikishashikiliwa kina muda wake wa kulipiwa, na muda huo ukipita kinarudishwa kwa wengine. Jina na nambari ya kitambulisho viandike herufi kwa herufi kama vilivyo kwenye kadi. Mlangoni hulinganishwa, na tofauti ndogo ya tahajia inatosha kukuweka kando huku wenzako wakipita. Kosa linaloumiza zaidi ni kukata ya kwenda ukaacha ya kurudi "nitaona huko". Desemba, Pasaka na shule zikifungwa, viti vya daraja la kawaida huisha siku nyingi mapema, na vya kurudi Nairobi wiki ya kwanza ya Januari ndivyo hutangulia kuisha. Kata zote mbili kwa wakati mmoja.

Daraja la kawaida lina viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili. Vinaelekezana, meza ndogo katikati, na migongo imesimama wima, hailali nyuma. Ukikaa na watu warefu, magoti yatagusana njia nzima. Daraja la kwanza ni viwili kwa viwili, pana zaidi, miguu inapata nafasi. Je, tofauti hiyo ina thamani ya shilingi 3,000? Mchana, hapana. Saa sita za mchana zinakalika, soketi ya kuchajia simu ipo, behewa la chakula lipo, na pesa hizo zinakulipia chumba cha heshima Mombasa usiku huo. Usiku hesabu inabadilika. Taa za behewa haziwi za kulala, kiti hakilali, na ukifika Miritini alfajiri bado una siku nzima ya basi mbele yako. Anayeng'ang'ania treni ya usiku alipe daraja la kwanza. Mwenye watoto aiache kabisa.

Mara nyingi mfumo ndio unaokupangia kiti. Ukibahatika dirisha la mkono wa kulia katika treni ya asubuhi, na mawingu yakiwa yamefunguka, Kilimanjaro hujitokeza kati ya Emali na Kibwezi, na vilima vya Chyulu mbele yake. Baada ya Mtito Andei reli inapasua kati ya Tsavo Magharibi na Tsavo Mashariki juu ya tuta refu, na hapo dirisha lolote lafaa. Ndovu wa huko wamejipaka udongo mwekundu, utawaona hata ukiwa umekaa katikati.

Syokimau: saa moja isiyo na mzaha

Stesheni iko Syokimau, na Mombasa Road haina huruma na mtu wa treni ya saa mbili. Ipo treni ya kuunganisha kutoka stesheni ya zamani ya katikati ya jiji, iliyopangwa iwahi safari za Mombasa, na kwa anayekaa upande wa mjini hiyo ndiyo njia ya uhakika zaidi kwa sababu haijui foleni ya magari. Anayekuja kwa gari apitie Expressway, ina njia ya kutokea pale pale SGR. Matatu za asubuhi zinafika, lakini ongeza nusu saa kwenye kila makadirio ya makanga.

Fika saa moja na zaidi kabla ya treni kuondoka. Kinachokula muda ni ukaguzi. Mizigo yote hupangwa chini kwa mstari, begi kando ya begi, wenyewe wanarudi nyuma hatua kadhaa, halafu mbwa wa polisi anapitishwa akinusa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mstari ukishajaa, waliochelewa husubiri upangwe mwingine. Baada ya hapo unabeba mzigo wako hadi kwenye mashine ya kumulika, halafu kitambulisho na tikiti, halafu ukaguzi tena. Kama hukuichapisha tikiti mapema, mashine za kuichapishia ziko stesheni, nazo zina foleni yake. Visu, pombe na mitungi ya gesi havivuki. Kisu cha jikoni ulichomnunulia shangazi Mombasa kitabaki pale. Chakula beba: chapati na mayai ya kuchemsha vitakufikisha mbali kuliko cha behewani, na kwa bei ya chini.

Miritini na swali la usiku wa kwanza

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Mabasi ya Lamu huondoka Mombasa asubuhi, kati ya alfajiri na saa tatu hivi, kwa sababu lazima yamalize barabara ya Garsen hadi Mokowe kukiwa bado mchana. Treni ya asubuhi inakufikisha saa nane, yakiwa yameshapita Malindi. Hakuna kuunganisha siku hiyo hiyo, hata ukikimbia.

Kuna mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kulala Mombasa. Nje ya stesheni kuna matatu za kwenda mjini na msururu wa teksi. Matatu ni mia na kitu, teksi ni mara kadhaa ya hiyo na bei yake ikubaliwe kabla mlango haujafungwa. Nenda moja kwa moja Mwembe Tayari, pitia ofisi za mabasi ukate tikiti ya kesho kabla hata hujatafuta chumba. Nauli ya Mombasa hadi Lamu ihesabie elfu moja na mia kadhaa, na ni afadhali uulize kampuni mbili. Uliza mambo matatu: basi linaondoka saa ngapi, linaishia Mokowe au linapitia Mpeketoni, na mtu afike saa ngapi na mzigo. Chumba kitafute karibu na hapo kwa miguu, maana saa kumi na moja alfajiri si saa ya kuanza kutafuta tuktuk.

La pili, ambalo nalipendelea, ni kusukuma siku hiyo hiyo hadi Malindi. Ni kilomita 120 hivi kutoka Mombasa, saa mbili na nusu kwa matatu kama hakuna msongamano Nyali na Mtwapa. Ukilala Malindi umeshakula theluthi ya barabara, unaamka bila haraka, na basi la Lamu linakukuta katikati ya asubuhi. Shida yake ni moja: mabasi hujaa Mombasa. Usikae tu barabarani ukitegemea kiti. Piga simu ofisi ya Mombasa siku moja kabla ukate kiti cha "kupandia Malindi", au nenda ofisi ya Malindi jioni unapofika. Ukiambiwa "njoo tu kesho, nafasi haikosi", dai risiti yenye nambari ya kiti. Pasipo risiti, utasimama hadi Garsen.

Upande wa kukaa: kushoto. Basi linaelekea kaskazini asubuhi yote, jua liko kulia. Baada ya Garsen linakata kuelekea mashariki, na miezi ya Desemba hadi Februari jua linabaki upande ule ule wa kulia. Watu wa njia hii wanalijua hilo, ndiyo maana viti vya kushoto huisha kwanza.

Barabara ya Garsen hadi Mokowe

Kwa muda mrefu kipande hiki kilikuwa vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua. Sasa ni lami, na hilo limepunguza safari kwa saa kadhaa. Kutoka Mombasa hesabu saa sita hadi nane hadi Mokowe, kutegemea vizuizi. Mvua kubwa bado ina neno lake. Mto Tana ukifurika, nyanda za Garsen hujaa maji na barabara hukatika, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2023. Ukiona habari za mafuriko Tana River, usiondoke Nairobi kwa njia hii. Panda ndege au ahirisha.

Usalama usemwe bila kuzungushwa. Mpeketoni, mji wa Kaunti ya Lamu upande wa bara, ilishambuliwa Juni 2014, na mashambulizi mengine yametokea barabarani baada ya hapo, hasa upande wa msitu wa Boni na vipande vya njia kati ya Gamba na Witu. Kwa sababu hiyo kuna vizuizi vya polisi na jeshi, na nyakati nyingine magari husindikizwa. Kwenye vizuizi abiria hushushwa, wakapita kwa miguu wakionyesha vitambulisho, kisha wanapanda tena upande wa pili. Kadi iwe mfukoni, si ndani ya begi lililo kwenye buti. Asiye na kitambulisho cha Kenya abebe pasipoti yenyewe. Picha ya simu haimtoshi ofisa. Siku moja kabla ya safari, uliza kampuni ya basi kama barabara iko wazi na kama kuna tangazo lolote la kaunti. Usikodi gari la kibinafsi ukaingia kipande hiki jioni. Nafuu ya saa mbili haifai hatari hiyo.

Kisiwa chenyewe ni kitu kingine. Mji wa Lamu umetulia, watu wanatembea usiku, na hofu ya barabara isimfanye mtu akaudhania vibaya.

Mokowe: boti na maji

Basi linaishia karibu na gati la Mokowe. Kabla hujashuka, vijana watakuwa wameshashika begi lako juu ya buti, na kila mmoja ana boti "inayoondoka sasa hivi". Tulia, ushushe mzigo wako mwenyewe, utembee nao hadi gatini. Hapo kuna boti za abiria wote, zinazosubiri zijae, na kuna spidiboti za kukodi. Za abiria ndizo wenyeji hutumia: nauli muulize abiria mwenzako, si dalali. Huvuka kwa nusu saa au zaidi kidogo. Spidiboti ni dakika kumi hadi kumi na tano. Tofauti hiyo inafaa tu kama giza linaingia au mna mgonjwa.

Maji yakiwa yamekupwa, boti inakaa chini sana kuliko gati na unateremka ngazi hadi kwenye vidato vya mwisho ambavyo maji yakijaa huwa ndani ya bahari. Vidato hivyo vina utelezi wa mwani, na kingo zake zina chaza wanaokata kama wembe. Vaa viatu vyenye soli inayoshika, si malapa. Mpe baharia mzigo kwanza, kisha mkono, kisha ushuke kwa mguu mmoja katikati ya boti, si ukingoni. Jaketi ya kuokolea ivae ukafunge mikanda yake, hata kama jirani yako ameikalia. Simu na karatasi zitie kwenye mfuko wa plastiki: upepo wa kusi ukivuma, mkondo unarusha maji hadi viti vya nyuma.

Lenga kuwa gatini kabla ya saa kumi na moja jioni. Boti za abiria hupungua haraka baada ya hapo, na aliyebaki hulazimika kukodi peke yake kwa bei ya mwenye boti.

Ukishuka Lamu, wapagazi wanasubiri na mikokoteni. Wanafanya kazi kweli na wanazijua nyumba zote, kwa hivyo si vibaya kumchukua mmoja. Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji mkongwe, vinapoteza hata mwenye ramani kwenye simu. Kubalianeni bei na jina la nyumba kabla hajanyanyua mzigo. Akikwambia nyumba uliyolipia "imejaa" au "imefungwa", mpigie mwenyewe simu hapo hapo.

Ukiwa kisiwani

Lamu mjini au Shela, kijiji cha ufuoni? Kwa anayefika mara ya kwanza na pesa za kawaida, mjini. Chakula cha bei ya wenyeji kiko huko: mahamri na mbaazi asubuhi, samaki wa kupaka au biriani mchana, viazi karai, mishkaki na juisi ya ukwaju baada ya magharibi. Mji mkongwe wenyewe, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, uko mlangoni pako. Shela ina mchanga na utulivu, na bei zake ni za wageni wa Ulaya. Ni mwendo wa dakika 40 hivi kwa miguu kando ya bahari, au boti ya dakika chache. Siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji hufika njiani sehemu nyingine, kwa hivyo rudi kabla hayajajaa.

Chumba kichague kwa hewa. Ghorofa ya juu yenye madirisha pande mbili inashinda chumba kikubwa cha chini chenye feni. Uliza kama kuna chandarua kisichotoboka, maana malaria ipo Pwani. Kama maji ya bomba yana chumvi. Na kama msikiti uko ukuta kwa ukuta, si kwa ubaya, bali ujue utaamshwa alfajiri. Uliza pia punda wamefungwa wapi. Asiyeuliza hilo atalijua saa nane usiku.

Pesa taslimu beba za siku mbili. Benki zipo mbele ya bahari, KCB ikiwa mojawapo, ila mashine ya pesa inaweza kuishiwa siku za sikukuu. M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali. Ngome, iliyokamilika mwaka 1821, na makumbusho ziko chini ya Makumbusho ya Taifa. Nenda na kitambulisho, kwa sababu mwananchi ana bei yake. Mavazi: mabega na magoti yafunikwe mjini, nguo za kuogelea zibaki ufuoni. Ukiingia mahali toa salamu kwanza, na mzee mpe shikamoo yake. Bei ya mtu aliyesalimia na ya asiyesalimia hazifanani. Ramadhani, mikahawa mingi hufungwa mchana na mji huchangamka baada ya futari. Ni wakati mzuri sana wa kuwa huko, mradi uwe tayari kula kwa saa zao. Maulidi ya msikiti wa Riyadha, katika Mfungo Sita (Rabiul Awwal), hujaza vyumba vyote, na tamasha la utamaduni la Novemba vilevile. Chumba cha siku hizo hukatwa miezi kabla.

Majira yana uzito kuliko watu wa bara wanavyodhani. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni joto, kavu, bahari imetulia. Masika ya Aprili hadi Juni hunyesha kwa fujo, na nyumba nyingi za wageni hufunga kwa ukarabati. Julai na Agosti kusi linavuma kwa nguvu: hali ya hewa ni ya baridi kidogo na chumba ni nafuu, lakini mawimbi ya ufuo wa Shela si ya mtu anayejifunzia kuogelea. Hakuna walinzi wa waogeleaji. Na mkondo ulio kati ya Shela na Manda unavuta hata siku bahari inapoonekana shwari, basi usijaribu kuuvuka kwa kuogelea.

Safari ya mashua kwenda Takwa, magofu yaliyo kisiwani Manda, ndiyo inayouzwa zaidi na ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Chanzo cha malalamiko ni maji. Mkono wa bahari unaofika Takwa unapita katikati ya mikoko, na mashua huingia maji yakijaa tu. Ukipelekwa saa mbaya, utateremka kwenye tope hadi magotini, au mtakwama kurudi. Hesabu yake si ngumu. Maji hujaa mara mbili kwa siku na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, kwenye bamvua, pwani yetu hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa mwendo wa saa nne. Siku hizo ondoka Lamu saa nane mchana, ingia na maji, toka kabla hayajageuka sana. Nahodha wa kweli atakutajia saa hizi kabla hujauliza. Anayesema "wakati wowote twaenda" ni dalali, na atakuuzia mashua ya mtu mwingine. Bei iwe ya mashua nzima, si ya kichwa. Semeni kama samaki, maji ya kunywa na matunda vimo. Lipa nusu kabla na nusu mkirudi.

Ndege, na namna ya kurudi

Ndege za Lamu huondoka Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, kwa mfano za Safarilink na Skyward Express, na Jambojet hutoka JKIA, uwanja mkuu wa kimataifa. Zote zinatua Manda. Kutoka uwanjani unatembea dakika chache hadi gati, unavuka kwa boti kama dakika kumi. Ndege ndogo za Wilson zina mipaka mikali ya mzigo, mara nyingi kilo 15 na begi laini, na kinachozidi hulipiwa. Nauli hupanda na kushuka kwa siku. Ikikatwa wiki kadhaa mapema na katikati ya wiki, pengo kati yake na treni pamoja na basi, boti na usiku wa njiani huwa dogo kuliko watu wanavyofikiri. Kwa mwenye siku tatu au nne tu, ndege ndiyo jibu. Kwa nchi kavu utatumia mbili barabarani kwenda na mbili kurudi.

Mwenye wiki nzima, ushauri wangu ni treni kwenda, ndege kurudi. Kwenda, ucheleweshaji unakula likizo tu. Kurudi unakula Jumatatu ya kazi, na njia ya kurudi kwa nchi kavu ndiyo yenye maungio mabaya zaidi. Basi la Mokowe huondoka asubuhi na mapema, kwa hivyo boti ya kuvuka lazima uipate kabla jua halijachomoza. Iagize usiku kupitia nyumba unayolala, na uhakikishe nahodha ana namba yako. Basi hilo linaingia Mombasa alasiri, na kutoka mjini hadi Miritini ni saa nzima kukiwa na foleni. Treni ya saa tisa usiihesabu kabisa, hata kondakta akikuapia. Kata ya saa nne usiku daraja la kwanza, au ulale Mombasa ukate ya saa mbili asubuhi ya kesho yake. Ukiamua ya usiku, shuka kwenye basi upande wa mjini, ule, uoge kama kuna mwenyeji wako, na uwe Miritini saa mbili na nusu usiku: mbwa, mstari na mashine viko huko pia.

Ukifika Syokimau alfajiri, kaa ndani hadi kupambazuke au hadi treni ya kuunganisha ya mjini ianze. Teksi za saa hiyo hutaja bei ya mara mbili, na saa moja baadaye zinashuka zenyewe.